Bomba, Pampu na Mtungi: Historia ya Kusukuma Vimiminika kwa Hewa na Tatizo la Kuitafutia Majina

Kati ya maneno ya ufundi ambayo watumiaji wa Kiswahili huyaandika bila kusita, neno *pampu* ni miongoni mwa yale yafanyayo kazi kubwa kuliko uwezo wake. Chombo cha kutia upepo katika tairi ni pampu. Mashine ya kutoa maji kisimani ni pampu. Kituo cha kuuzia petroli nacho huitwa pampu. Mfasiri anapokutana na maelezo ya mtambo ambamo asidi, majitaka au maji ya miwa hutolewa katika chombo kilichofungwa kwa kusukumwa na hewa iliyoshindiliwa, aghalabu huandika *pampu ya hewa*, kisha huendelea na sentensi inayofuata. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtambo huo una historia yake mbali na historia ya pampu, na kwamba jina hilo la haraka linaweza kumdhuru mtu asomaye maelezo hayo akiwa karibu na chombo chenyewe.

Tatizo la kwanza ni la maana. *Pampu ya hewa* inaweza kuwa pampu isukumayo hewa, kama ile ya baiskeli. Inaweza pia kuwa pampu iendeshwayo kwa hewa, kama ile yenye viwambo viwili iliyobuniwa na Jim Wilden huko Marekani mwaka 1955. Na kwa kalamu ya mfasiri mwenye haraka, huwa pia chombo ambamo hakuna pampu kabisa, bali mtungi, hewa na mabomba mawili matatu. Kiunganishi cha *-a* katika lugha yetu ni mtumishi mwema mno: hakatai mzigo wowote, wala haulizi umetoka wapi.

Kabla ya pampu tulikuwa na bomba. Neno hili tulilipata kwa Wareno, na katika lugha yao *bomba* ni pampu hasa, ikiwamo ile ya kutolea maji yaliyoingia jahazini. Kwetu lilianza na maana hiyo, ndiyo maana kamusi za zamani zina msemo *kupiga bomba*. Lakini neno halikukaa mahali pamoja. Liliufuata mwili wa chombo, likaacha kazi yake: likawa mwanzi wowote wa chuma, bomba la maji, bomba la moshi, bomba la sindano. Lilipokwisha kutanuka hivyo, kazi ya kusukuma ilibaki haina jina la peke yake, na naamini hiyo ndiyo nafasi ambayo *pampu* ya Waingereza iliijaza kwa urahisi. Leo mkulima wa pamba au kahawa abebaye chombo cha dawa mgongoni bado husema *bomba la dawa*, na husema sawa kabisa, kwa maana ya karne kadha zilizopita.

Hata hivyo kuisukuma hewa kwa nguvu si jambo tulilofundishwa na mabaharia wa Ulaya. Wahunzi wa bara walikuwa na mivukuto, na kitenzi *kuvukuta* ni cha Kibantu. Matanuri ya chuma ya Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, yaliyochunguzwa na Peter Schmidt na wenzake na kuandikwa katika jarida la kisayansi mwaka 1978, yalitegemea hewa ya mivukuto. Ila mvukuto hupeleka hewa motoni. Kuipeleka hewa juu ya maji, ili maji yakimbie yapande mahali pengine, ni wazo jingine, na historia yake iliyoandikwa huanzia Misri.

Iskandaria, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, aliishi Ctesibius, ambaye Vitruvius ameandika kuwa alikuwa mwana wa kinyozi. Kijana huyo alitaka kioo cha dukani mwa baba yake kiweze kupandishwa na kushushwa kwa urahisi, akakifungia kamba yenye uzani wa risasi uliofichwa katika mfereji mwembamba. Uzani ulipoteremka kwa kasi uliibana hewa iliyokuwamo, na hewa ilipotoka ilitoa sauti. Hapo Ctesibius alitambua kwamba hewa ni kitu, inabanwa, na ikibanwa hutafuta njia. Kutokana na hayo alitengeneza kinanda cha maji na pampu yenye silinda mbili. Vitabu vyake vyote vimepotea; tunamjua kupitia waandishi waliomfuata, hasa Philo wa Byzantium, Vitruvius, na Hero wa Iskandaria aliyeandika katika karne ya 1 baada ya Kristo.

Kitabu cha Hero kuhusu mambo haya hujulikana kwa jina la *Pneumatica*, kutokana na neno la Kigiriki *pneuma*. Wenye kufasiri wangefaa kulitazama neno hili kwa makini, kwa sababu maana zake ni pumzi, upepo na roho kwa pamoja. Mtu aweza kudhani huo ni ugeni wa Wagiriki, mpaka akumbuke kwamba *pepo* na *upepo* katika Kiswahili ni ndugu wa shina moja, na kwamba *roho* tuliyoipokea kutoka Kiarabu ina jamaa yake katika lugha hiyo, *rih*, ambayo ni upepo. Hata *hewa* tumeipata kwa Waarabu. Nao Waarabu ndio walioihifadhi elimu hii: sehemu kubwa ya kazi ya Philo imetufikia kwa njia ya Kiarabu, na mjini Baghdad katika karne ya 9 ndugu watatu wajulikanao kama Banu Musa waliandika kitabu cha vyombo vya ajabu, vingi vikiendeshwa kwa maji na hewa.

Chombo cha Hero kituhusucho zaidi ni chemchemi yake. Ina vyombo vitatu. Juu kabisa ni bakuli lililo wazi. Chini kabisa ni mtungi uliofungwa wenye hewa tupu. Katikati ni mtungi mwingine uliofungwa wenye maji. Maji ya bakuli huteremka kwa bomba hadi mtungi wa chini na kuibana hewa iliyomo. Hewa hiyo, haina pa kwenda ila kupanda kwa bomba la pili hadi mtungi wa kati, ambako huyakalia maji na kuyasukuma yatoke kwa bomba la tatu, yakiruka juu kuliko bakuli yalikoanzia. Kwa muda wa miaka mingi watu walikitazama chombo hiki kama mchezo wa karamuni. Hakuna pistoni, hakuna mkono unaosukuma. Maji yanayoteremka mahali hapa yanayapandisha maji ya mahali pale, na mjumbe kati yao ni hewa.

Wakati huohuo pampu ya kawaida ilikuwa na fumbo lake. Wanafunzi wa Aristotle walifundisha kwamba maumbile hayakubali mahali patupu, kwa hiyo pistoni ikipanda maji hulazimika kuifuata. Lakini wachimba visima wa Italia walijua kwamba maji huifuata pistoni kwa kadiri ya mita 10, kisha hukataa, na Galileo alilitaja jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1638. Jibu lilitoka kwa Torricelli mwaka 1644, alipoeleza jaribio la mwanzi wa zebaki: si pampu ivutayo maji, bali ni uzito wa hewa iliyo juu ya kisima uyasukumao maji ndani ya bomba. Uzito huo hutosha kubeba nguzo ya maji ya mita 10 na kidogo, haizidi hapo. Mwaka 1648 shemeji yake Pascal, Périer, alipanda mlima wa Puy de Dôme na mwanzi wa zebaki na kuona nguzo ikipungua. Otto von Guericke alionyesha mbele ya watu nguvu ya ombwe katika miaka ya 1650, na mwaka 1662 Robert Boyle aliichapisha kanuni ihusishayo ujazo wa hewa na kanieneo yake.

Kwa mujibu wa elimu hiyo, *kuvuta maji kwa pampu* ni kauli isiyo ya kweli. Wako walimu waliopendekeza tuiache. Mimi sioni haja. Waingereza na Wafaransa bado husema pampu hunyonya, ingawa Torricelli ni wao kama alivyo wetu, na jua nalo tunasema *linachwa* bila kumkosea mtu wa falaki. Jambo la kulishika ni tofauti ya vitendo: mahali hewa ya kawaida inapofanya kazi, mpaka ni mita 10, mahali hewa iliyoshindiliwa inapofanya kazi, hakuna mpaka ila nguvu ya chombo na ya hewa yenyewe.

Mtu aliyeitoa chemchemi ya Hero karamuni na kuipeleka mgodini ni Jozef Karol Hell, fundi mkuu wa mitambo katika migodi ya fedha na dhahabu ya mji ambao leo uko Slovakia. Hapa mwanaistilahi hana budi kusimama kidogo, kwa kuwa mji huo una majina matatu: Schemnitz kwa Kijerumani, Selmecbánya kwa Kihangari, na Banská Štiavnica kwa Kislovakia. Wakati wa Hell ulikuwa katika Ufalme wa Hungaria chini ya watawala wa Vienna. Waandishi wa Kiingereza wa karne ya 18 na ya 19 waliliandika jina hilo mara kwa mara kana kwamba ni Chemnitz, ambao ni mji mwingine kabisa, huko Ujerumani. Matokeo yake ni kwamba mtambo mmoja wa mji mmoja umezurura vitabuni kwa jina la mji usiouhusu, na mfasiri akifuata kitabu cha namna hiyo bila kuuliza, ataupeleka mgodi mzima nchi nyingine. (Ndugu yake Hell, Maximilian, alikuwa mnajimu wa kisayansi aliyesafiri hadi Vardø, kaskazini ya Norway, mwaka 1769 kutazama Zuhura ikipita mbele ya jua. Nyumba hiyo ilikuwa na watu wa bidii.)

Shida ya Schemnitz ilikuwa maji. Kadiri mashimo yalivyokwenda chini ndivyo yalivyojaa, na kuyatoa kwa farasi na magurudumu kuligharimu mali nyingi. Lakini milimani palikuwa na mabwawa, na maji ya mabwawa yana uzito. Mwaka 1749 Hell alijenga mashine ya pistoni iliyosukumwa na nguzo ya maji, na mwaka 1753 akajenga mashine ya hewa. Tungi kubwa lilifungwa karibu na mdomo wa shimo, na tungi jingine, dogo zaidi, liliwekwa chini mgodini, ndani ya maji yaliyotakiwa kutolewa. Bomba la hewa liliyaunganisha. Maji ya bwawa yaliteremka kutoka mlimani hadi tungi la juu, yakaibana hewa; hewa ikashuka mgodini kwa bomba lake, ikayakalia maji katika tungi la chini, na maji hayo yakapanda kwa bomba jingine hadi mahali pa kumwagwa. Kisha mlango wa maji ukafungwa, tungi la juu likamwagwa, tungi la chini likajaa tena lenyewe, na kazi ikaanza upya. Aliyehitajika ni mtu wa kufungua na kufunga vali kwa zamu.

Hesabu yake ni nyepesi na yafaa kufundishwa shuleni. Kila mita 10 za maji hutoa kanieneo ipatayo ile ya angahewa moja. Tuchukue mfano wa maji yateremkayo mita 30: hewa itabanwa kwa angahewa 3 zaidi ya ile ya kawaida, na itaweza kuyapandisha maji ya mgodi kadiri ya mita 30, yakipungua kidogo kwa msuguano. Kwa kanuni ya Boyle, hewa hiyo sasa imebaki robo ya ujazo wake wa kwanza. Ndiyo kusema, ukitaka kulitoa lote tungi la chini, tungi la juu sharti liwe kubwa mara nne. Kila unapotaka kwenda chini zaidi, tungi la juu hukua na maji yatumikayo huongezeka, na mwisho wa kila zamu hewa iliyoshindiliwa kwa taabu hiyo yote huachiliwa bure. Mashine ilikuwa na ubadhirifu mkubwa. Fadhila yake ilikuwa moja: chini mgodini, penye tope, giza na mchanga, hakukuwa na pistoni ya kukwama.

Kuachiliwa kwa hewa ndiko kulikoifanya mashine ya Schemnitz ijulikane Ulaya. Hewa ilipotoka kwa kishindo, pamoja na umande uliochanganyika nayo, ilitoka baridi sana, kiasi kwamba matone yaliganda. Wageni walionyeshwa mchezo huo: mchimbaji alishika kofia yake mbele ya mdomo wa bomba, nayo ikafunikwa na barafu. Erasmus Darwin, babu wa yule Charles mashuhuri, aliutaja mfano huo katika maandishi yake ya mwaka 1788 alipoeleza kwamba hewa inapotanuka hupoa, na kwamba hapo ndipo tuelewe baridi ya milimani.

Barafu hiyo yatuletea suala la lugha. Vitabu vyetu vina *hewa iliyogandamizwa* na *hewa iliyoshindiliwa*, na waandishi hutumia lolote linalotangulia kuja. *Kugandamiza* ni kukandamiza kitu kutoka juu, na ni neno zuri. Lakini sikioni mwa msomaji liko karibu sana na *kuganda*, na mtu asomaye kwa mara ya kwanza kuhusu Schemnitz, ambako hewa ilibanwa kisha matone yakaganda, atachanganyikiwa katika sentensi moja. *Kushindilia* ni kitendo cha mtu ajazaye mahindi guniani, au baruti katika gobori: kutia kingi katika nafasi ndogo kwa nguvu. Hilo ndilo lifanyikalo hasa kwa hewa. Isitoshe, gesi asilia itumiwayo na magari nchini Tanzania imekwisha kuitwa *gesi asilia iliyoshindiliwa* katika maandishi ya serikali. Napendekeza tushikamane na kushindilia.

Baada ya mgodi, njia hii ilihamia kiwandani. Thomas Savery wa Uingereza alipata hataza mwaka 1698 ya mashine iliyoyasukuma maji kwa mvuke moja kwa moja chomboni. Wazo la kusukuma bila pistoni lilikuwa tayari linajulikana, ila mvuke ukigusa maji baridi hugeuka maji na nguvu hupotea. Katika karne ya 19 viwanda vya sukari vilitumia mtungi wa chuma uliofungwa kupandisha maji ya miwa kutoka kwenye vinu hadi kwenye vyungu vya kusafishia vilivyokuwa ghorofani. Wafaransa waliuita *monte-jus*. Nawaomba wasomaji walitazame umbo la jina hilo: *monte* ni kitenzi, kupandisha, *jus* ni nomino, majimaji ya tunda au ya mmea. Kitenzi kimetangulia, nomino ikafuata, na jumla ikawa jina la chombo. Ndivyo tulivyounda *kipazasauti*, *kinasasauti* na *kipimajoto*. Lugha mbili zisizo na udugu zimefuata njia moja, na huo ni ushahidi kwamba umbo hili hatukulikopa kwa Waingereza, ambao hulipanga kinyume.

Mahali ambapo mtungi huo haukuwa na mshindani ni katika viwanda vya asidi ya salfa. Utengenezaji wa asidi kwa njia ya vyumba vya risasi uliboreshwa kwa minara miwili: ule uliobuniwa na Gay-Lussac mwaka 1827 na ule wa John Glover wa mwaka 1859. Katika kila mnara asidi ilitakiwa kumwagwa kutoka juu. Ni nani wa kuipandisha? Asidi hiyo yapata uzito wa maji mara moja na sehemu saba za kumi, na pampu za wakati ule ziliharibika mahali penye msuguano, kwenye pistoni na vizibo vyake. Wahandisi wakatumia chombo cha chuma cha kusubu chenye umbo la yai, kwa kuwa yai hustahimili msukumo wa ndani kuliko sanduku. Asidi iliingia yenyewe kwa kuteremka, mlango ukafungwa, hewa iliyoshindiliwa ikafunguliwa, na asidi ikapanda mnarani. Waingereza walikiita chombo hicho yai la asidi. Tafsiri ya neno kwa neno ingemfanya msomaji wetu afikirie kuku; jina hilo tuwaachie wenyewe.

Kutoka asidi hadi uchafu hapakuwa mbali. Isaac Shone wa Wrexham, katika nchi ya Wales, alipata hataza mwaka 1878 ya mtungi wa kutolea majitaka. Ubora wake ni kwamba haukuhitaji mtu wa kufungua vali. Majitaka huingia kwa kuteremka na kujaa polepole. Yakifika juu, huinua chelezo chenye umbo la kengele, nacho hufungua njia ya hewa iliyoshindiliwa. Hewa huyasukuma majitaka yote hadi bomba kuu. Mtungi ukiisha kuwa mtupu, kikombe kilicho chini, ambacho sasa hakielei tena, huvuta kwa uzito wake na kuifunga hewa. Iliyobaki hutoka nje, na mtungi huanza kujaa upya. Mitungi miwili huwekwa pamoja ipokezane.

Umuhimu wa jambo hili waonekana katika miji iliyo tambarare. Majitaka huhitaji mteremko, na mahali pasipo mteremko bomba lazima lichimbiwe chini zaidi kila mita liendapo, hata likafika kwenye maji ya ardhini. Kwa njia ya Shone mji hugawanywa katika vitongoji, kila kitongoji kikawa na mitungi yake mifupi ya chini, na hewa ya mitungi yote ikatoka katika kituo kimoja chenye mashine. Rangoon, nchini Burma, mji uliojengwa kwenye ardhi ya chini ya mto, ulitiwa mfumo huo mwishoni mwa miaka ya 1880. Jengo la Bunge la Uingereza huko Westminster, lililo kando ya mto Thames, lilifungiwa mitungi hiyo mwaka 1888, nayo imefanya kazi kwa zaidi ya karne moja chini ya miguu ya watunga sheria. Sijui kama kuna chombo kingine chochote katika jengo lile kilichotumika kwa muda huo bila kubadilishwa jina wala kazi.

Ipo njia nyingine ambayo haifai kuchanganywa na hii. Mwaka 1797 Carl Emanuel Loscher wa Ujerumani alieleza kwamba hewa ikipelekwa chini ndani ya bomba lililozama majini, maji yaliyochanganyika na viputo huwa mepesi, na maji mazito ya nje huyasukuma yapande. Hapa hakuna chombo kilichofungwa; hewa haiyakalii maji bali huingia kati yao. Mafundi wa visima virefu huitumia njia hii kusafishia kisima kipya, mchanga na tope vikaruka nje pamoja na maji. Nyambizi, kwa upande wake, iko katika ukoo wa Hell na Shone: tangi za maji zinazoizamisha humwagwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na nyambizi ya Wafaransa iitwayo *Plongeur*, iliyoshushwa majini mwaka 1863, ilibeba hewa hiyo kwa wingi, kwani hata mashine yake iliendeshwa nayo.

Majumbani mwetu, mwanaukoo ajulikanaye zaidi ni jiko la mafuta ya taa la pampu, lililobuniwa na Frans Wilhelm Lindqvist huko Stockholm na kuuzwa tangu mwaka 1892 kwa jina la Primus. Karabai hufuata kanuni ileile. Mtu hupiga pampu, lakini pampu haiyagusi mafuta. Inashindilia hewa tu juu yake, na hewa ndiyo iyapandishayo mafuta katika mwanzi hadi yanapogeuka mvuke na kuwaka. Kila mama aliyepikia jiko hilo alijua jambo ambalo maelezo mengi ya kiwandani hushindwa kulisema: kuacha kupiga pampu hakulizimi jiko. Ili kulizima, sharti ulegeze parafujo ndogo, usikie *sss*, upepo uishe. Wala hakuna aliyethubutu kufungua kifuniko cha mafuta kabla ya kutoa upepo.

Hapo ndipo uzito wa suala letu ulipo. Mtu anapoambiwa kuwa chombo fulani ni pampu, akili yake humwambia kwamba hatari imo katika mwendo: mashine ikisimama, pampu imesimama, fungua utazame. Kwa pampu ya kawaida hayuko mbali na ukweli. Lakini katika mtungi wa asidi au wa majitaka, mashine ya kushindilia hewa yaweza kuzimwa tangu asubuhi, na mtungi ukabaki umejaa hewa yenye nguvu ya angahewa kadha, ikingoja kifuniko kilegezwe. Sentensi isemayo *zima pampu kabla ya kufungua kifuniko* ni sahihi kwa sarufi, na kwa chombo cha namna hii ni sentensi ya kumwagia mtu asidi usoni. Kosa halimo katika kitenzi wala katika onyo. Limo katika jina la chombo, ambalo limemficha msomaji mahali nguvu ilipo.

Kwa hiyo jina litakiwalo ni lile lisemalo kwamba chombo chenyewe, si mashine iliyo kando, ndicho kilichoshika nguvu. *Mtungi* ni neno tulilo nalo, na tangu *mtungi wa gesi* ulipoingia majikoni, kila mtu anajua kwamba mtungi hauchezewi hata ukiwa umetulia. Napendekeza *mtungi wa kusukumia*, na pale inapobidi kutaja kitu kinachosukumwa, *mtungi wa kusukumia asidi* au *mtungi wa kusukumia majitaka*. Wenzangu wapendao neno moja wamependekeza *kipandishamaji*, kwa mfano wa monte-jus. Ni neno zuri kwa umbo, lakini lina kasoro ileile ya pampu: latuambia kazi na kuuficha mtungi. Tena kitu kipandishwacho mara nyingi si maji. Neno hilo lingefaa zaidi kwa njia ya Loscher, likiwa *kipandishamaji kwa viputo*. Pampu ya Wilden na jamii yake iitwe *pampu iendeshwayo kwa hewa*, na *pampu ya hewa* ibaki kwa ile isukumayo hewa, basi. Mashine ya kushindilia hewa mafundi huiita *kompresa*, au *mashine ya upepo*, na sioni sababu ya kuwanyang'anya.

Limebaki neno la kitendo. Vitabu vya fizikia vina *kanieneo*, lililoungwa kwa kani na eneo. Hospitali zina *shinikizo*, na gereji zina *presha*. Katika onyo lililobandikwa ubavuni mwa mtungi, hakuna hata moja kati ya hayo lililo jepesi kama lile la jikoni. *Punguza kanieneo ya ndani hadi ilingane na ya angahewa* ni sentensi ya mtihani. *Toa upepo kwanza, kisha fungua* inaeleweka na mtu aliyesoma na asiyesoma, katika Mwanza na katika Mombasa, na ndiyo ningependa iandikwe kwa herufi kubwa, juu ya kifuniko, si pembeni.